Friji ni ya Mama, Nyumba ni ya Baba?



Kuna mgeni anayefika katika nyumba zetu hapa Mwiki ambaye hakualikwa kunywa chai. Huja na tepu ya kupimia, kamera na karatasi. Ametumwa na benki, au na wakili, au na sako ambako mume ameomba mkopo. Hupima vyumba, hugonga ukuta, hufungua bomba aone kama maji yanatoka, hupiga picha geti na tangi. Kisha huingia jikoni, na hapo mama wa nyumba husimama mlangoni akimtazama. Mgeni anaandika kabati za ukutani. Anaandika sinki. Friji anaipita. Jiko la gesi analipita. Kochi, meza, televisheni, mashine ya kufulia na mapazia anavipita kana kwamba havimo. Akiondoka, nyumba imepata bei ya mamilioni, na vile vitu vingine havikupata hata senti moja katika karatasi yake.

Mgeni huyo ni mthamini wa mali, naye hana kosa lolote. Amefanya kazi kama alivyofundishwa. Lakini karatasi yake huacha swali mezani. Ikiwa katika nyumba hiyo baba ndiye aliyenunua ploti na mawe, na mama ndiye aliyenunua vile vilivyopitwa, je, mama hana kitu? Msidhani ni swali la watu wanaoachana tu. Nimelisikia kutoka kwa watu wanaopendana, na wakati mwingine huulizwa kwa kicheko: "Baba Watoto, nyumba yako imethaminiwa. Mimi nitathaminiwa lini?"

Kwanza tuelewe kanuni yenyewe, maana wengi wetu tunaizungumzia bila kuijua. Kilichoshikamana na ardhi huenda pamoja na ardhi. Waroma wa kale waliijua kanuni hii, Waingereza wakaichukua, nasi tukaipata kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1872 mahakama moja ya Uingereza iliamua kesi ya mitambo ya kufuma nguo iliyokuwa imepigwa misumari kwenye sakafu ya kiwanda. Je, mitambo ile ilikuwa sehemu ya jengo au mali ya kubebeka? Waamuzi walisema yaangaliwe mambo mawili: kitu kimeshikamana kiasi gani, na kiliwekwa pale kwa nia gani. Wakaamua kuwa mitambo ile ni sehemu ya jengo. Mpaka leo wakili na mthamini wa Kenya wanapima kwa vipimo hivyo viwili.

Kwa hiyo picha ya arusi iliyoning'inia kwenye msumari ni yako, ubebe uende nayo, hata kama msumari umeingia ukutani sana. Rafu zilizojengwa ukutani ni nyumba. Jiko la gesi linalosimama kwa miguu yake ni kitu cha kubeba, lakini lile lililozamishwa katika kaunta ya jikoni litabaki. Milango ya chuma, grili za madirisha, pampu ya kisima, waya wa umeme juu ya ukuta, vyote ni nyumba. Kuna vitu vya katikati ambavyo hata wataalamu hubishania, kama paneli za sola juu ya mabati, au ile hita ya umeme ya kuogea iliyofungwa kwa skrubu mbili.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, mna mkataba wa ardhi ambao ningependa kila mchumba ausome. Abrahamu amefiwa na Sara mkewe, naye hana mahali pa kumzika. Anamwendea Efroni Mhiti kununua shamba la Makpela, na bei inakuwa shekeli 400 za fedha. Angalieni jinsi ununuzi ule ulivyoelezwa: shamba, pango lililomo, na miti yote iliyo ndani ya mipaka. Miti nayo ilitajwa! Na jambo lenyewe lilifanyika langoni mwa mji, mbele ya mashahidi. Mzee yule alikuwa katika msiba, mwenye ardhi alikuwa akimwambia maneno matamu ya kumpa shamba bure, lakini hakutaka baadaye mtu aje kumwambia kwamba miti haikuwemo.

Abrahamu na Efroni hawakuwa ndugu. Kanuni ya kilichoshikamana na kisichoshikamana iliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, muuzaji na mnunuzi, benki na mkopaji, mwenye nyumba na mpangaji. Inawasaidia watu wasiojuana waachane salama.

Kati ya watu hao, yatupasa tuishike kwa haki. Mtu ameonyeshwa nyumba yenye kabati nzuri za jikoni na tangi la lita elfu tano, akakubali bei, akauza ng'ombe, akachukua mkopo. Siku ya kuingia anakuta ukuta una mashimo ya skrubu na nyaya zinaning'inia. Muuzaji anasema, "Hizo zilikuwa vitu vyangu." Huo ni wizi, hata kama aliyeng'oa ndiye aliyevifunga. Ukitaka kuondoka na kitu, kitaje kabla ya bei, na kiandikwe. Mkataba wa ardhi hapa Kenya lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi na uwe na shahidi. Ni rahisi kuongeza mistari mitatu ya vitu vinavyobaki na vinavyoondoka.

Na kuna ujanja mwingine ambao watu wa heshima wanaufanya bila haya. Kodi ya stempu katika maeneo ya mji kama Ruiru ni asilimia 4 ya thamani ya ardhi na nyumba, wala haitozwi kwa friji na makochi. Basi nyumba ya shilingi 5,000,000 inaandikwa kuwa ya 4,000,000, na ile milioni moja inaitwa bei ya "vitu vya ndani", wakati ndani mna viti viwili vya plastiki. Kodi inashuka kutoka 200,000 hadi 160,000. Kwa shilingi 40,000 mume na mke wametia sahihi uongo mmoja kwa pamoja. Anania na Safira pia waliuza ardhi yao na kupatana juu ya bei ya kusema. Mkitaka kujua mambo yao yaliishaje, someni Matendo ya Mitume sura ya 5.

Hayo ni ya nje. Sasa tuingie ndani.

Taabu huanza pale mume na mke wanapochukua kanuni ya watu wasiojuana na kuitumia wao kwa wao. Wengi hawaichukui kwa kusudi. Huingia polepole kupitia namna tunavyogawana matumizi. Katika nyumba nyingi ninazozijua, kutoka Githurai hadi Ruiru mjini, mpango ni huu: baba ashughulikie ploti na ujenzi, mama ashughulikie vitu vya nyumba. Unaonekana mpango wa haki. Kila mtu ana mzigo wake. Tena unafuata desturi, kwani hata katika boma la Kikuyu la zamani mwanamume alikuwa na thingira yake, na kila mke alikuwa na nyumba yake na ghala lake la chakula.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme baba anatoa shilingi 15,000 kila mwezi kwa ploti, mawe, mabati na mafundi. Mama, kutoka kibanda chake cha mboga au mshahara wake wa ualimu, anatoa shilingi 15,000 hizo hizo kwa chakula, gesi, sare za shule, friji, vitanda na mapazia. Wanaendelea hivyo miaka 15. Kila mmoja ametoa 2,700,000. Wamelingana kabisa, hata shilingi haikuzidi. Kisha anakuja yule mgeni mwenye tepu. Anasema nyumba ni ya milioni saba. Vitu vya mama vikipelekwa kwa wauza mitumba wa vyombo, pengine vitaleta laki moja, tena baada ya kubembelezana.

Nini kilichotokea hapo? Hakuna aliyeiba. Ni kwamba kilichoshikamana na udongo wa Mwiki kimekuwa kikipanda bei, hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kumalizika mwaka 2012, na kinachobebeka kimekuwa kikichakaa. Friji huanza kuzeeka siku inapotoka dukani. Unga huliwa siku hiyo hiyo. Wote wawili walitoa jasho lile lile, lakini jasho la mmoja liliangukia kwenye mawe na la mwingine likaangukia kwenye sufuria. Na mawe yale yasingepanda hata kozi moja kama sufuria ingekuwa tupu, maana baba angelazimika kununua unga kwa pesa ya saruji.

Ndiyo maana nasema kwamba mume anayesema "nyumba ni yangu, vitu ni vyako" hajagawa mali kwa haki, hata kama kila neno lake ni kweli kwa risiti. Amechukua faida ya miaka 15 ya watu wawili na kumwachia mwenzake uchakavu. Kipimo cha kati ya mume na mke ni kile ambacho kila mmoja alikitoa na kujinyima. Skrubu iliyoingia ukutani haiwezi kutuambia hilo.

Msidhani mstari huu kati ya nyumba na vitu umeshuka kutoka Mlima Sinai. Huko Mombasa kuna nyumba nyingi zinazoitwa nyumba bila ardhi. Mtu anamiliki kuta na paa, udongo ulio chini ni wa mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi. Hapo hata ukuta unahesabiwa kando na ardhi. Watu wa pwani waliuchora mstari mahali pao, Waingereza mahali pao. Mahali ambapo watu wameuchora kwa ajili ya biashara, wanandoa wanaweza kuuvuka kwa ajili ya haki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaieleza ndoa kuwa ushirika wa maisha yote. Maisha yote, wapendwa, pamoja na ploti na hati yake.

Sheria ya nchi nayo, kwa jambo hili, inasema yale ambayo wengine hawataki kuyasikia. Zamani mahakama zetu zilitumia sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882 juu ya mali ya wanawake walioolewa. Tangu 2013 tuna Sheria yetu wenyewe ya Mali ya Ndoa. Inasema mali ya ndoa ni nyumba ya familia, na vyombo na vitu vilivyomo ndani ya nyumba hiyo, na mali nyingine waliyoipata pamoja katika ndoa. Imeviweka katika kapu moja. Tena inasema mchango si pesa peke yake. Kutunza nyumba, kulea watoto, kazi ya shamba, kusimamia biashara ya familia, hata kukaa na mwenzako na kumfariji, yote ni mchango. Na ikiwa mali ya ndoa imeandikwa jina la mmoja, mahakama huanza kwa kudhani kwamba anaishika kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Majirani zetu walianza mapema kidogo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Hapa kwetu, tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya mume na mke waliooana mwaka 1990, ambao mali yao ilikuwa Tassia, Nairobi, kwa jina la mume. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya nyumba za kupangisha. Mahakama ya Rufani ikampa nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo. Lakini sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa watu hudanganyana katika matatu: Mahakama ya Juu haikusema kila mke atapata nusu. Ilisema usawa wa wanandoa hauleti nusu kwa nusu moja kwa moja, na kwamba mchango wa kila mmoja lazima uonyeshwe.

Mchango uonyeshwe kwa nini? Mwenye mawe ana risiti ya mawe na mkataba wa fundi. Aliyenunua unga kwa miaka 15 ana nini? Mtu haweki risiti ya nyanya. Basi mwenye haki ndogo mbele ya karatasi ni yule aliyelisha. Ndiyo maana nawaomba msiingoje mahakama iwafanyie hesabu ambayo ninyi mnaijua vizuri zaidi ya jaji yeyote.

Yapo mapito mengine ambayo mgawanyo huu wa "vyangu na vyako" huumiza, hata bila ugomvi.

La kwanza ni moto. Benki iliyowakopesha hudai nyumba ikatiwe bima ya moto, na mume analipa. Lakini bima ya jengo ni ya jengo. Vitu vya ndani hukatiwa sehemu yake kando, na watu wengi huiacha kwa kuwa "ni vitu vya mama tu". Moto hauchagui. Jengo likiteketea bima inalipa, na mara nyingi malipo hayo yanapita benki kwanza. Vitanda vya watoto, cherehani ya mama na friji iliyojaa maziwa ya kuuza vinakuwa majivu bila shilingi moja. Waulizeni bima yenu wiki hii inafunika nini.

La pili ni madeni. Tangu Sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika, imekuwa rahisi kuchukua mkopo kwa kuweka dhamana ya vitu vya nyumbani. Mume anaweka televisheni bila kumwambia mke. Mke anaweka friji kwenye kikundi bila kumwambia mume. Watoto wanarudi shuleni wakakuta vijana wanne wanabeba kochi. Kila mmoja anajitetea, "Nilikinunua mimi." Sheria ya Mali ya Ndoa inataka wenzi wa ndoa ya mke mmoja wakubaliane kabla mali ya ndoa haijauzwa, haijatolewa wala kuwekwa dhamana, na vyombo vya nyumba ni mali ya ndoa kama nyumba yenyewe. Hata sheria ya kukamata mali kwa amri ya mahakama ina huruma kidogo: vyombo vya kupikia, nguo, vitanda na matandiko ya lazima ya mdaiwa na familia yake havikamatwi. Isiwe mwenzi wako ana huruma kidogo kuliko hukumu ya mahakama.

La tatu ndilo zito, nalo ni kifo. Mmewahi kuona, kama nilivyoona, msiba ambao kabla ya siku arobaini ndugu za marehemu wamekuja na pikapu. Wanasema, "Nyumba tutaiongelea baadaye, lakini televisheni na friji ni za kakangu." Sheria ya Urithi ya Kenya inasema wazi kuhusu jambo hili. Mtu akifa bila wosia, akaacha mke mmoja, au mume, na watoto, vitu vyake binafsi na vya nyumba ni vya mwenzi aliyebaki, moja kwa moja. Na sheria imevitaja: nguo, samani, vifaa vya nyumbani, picha, mapambo, vyombo, hata chakula na vinywaji. Gari halimo, wala vitu vya kazi au biashara ya marehemu. Nyumba na ardhi, mjane ana haki ya kuvitumia maisha yake yote, lakini hawezi kuviuza kwa uamuzi wake peke yake, kwa sababu watoto wanafuata.

Mnaona maajabu? Vitu vile vile ambavyo mthamini alivipita ndivyo sheria inampa mjane kikamilifu zaidi. Shemeji anayebeba friji anabeba kile ambacho hakuna anayeweza kumgombania mjane. Na anayeng'oa hita na tangi akisema "hivi si nyumba" anawaibia watoto wa nduguye, maana vilivyoshikamana na nyumba huenda na nyumba. Katika jumuiya zetu ndogondogo, tunapokwenda kusali rozari kwenye matanga, ingefaa mzee mmoja alisome jambo hili kwa sauti kabla ya sala ya mwisho. Padre hatakasirika.

Nisije nikaonekana nawasema akina baba peke yao. Kuna akina mama ambao wameigeuza friji kuwa silaha. Kila wakikasirika wanataja lori. "Nitabeba vitu vyangu nikuachie kuta zako!" Na wengine wamebeba kweli. Watoto wakirudi jioni hawana pa kulala, jiko halipo, hata vijiko havipo. Mama huyo anatumia kanuni ile ile ya mume mchoyo, ila ameishika upande wa pili. Kitanda cha mtoto kilinunuliwa kwa ajili ya mtoto. Risiti iliyo na jina lako haikugeuzi kuwa mwenye kitanda hicho kwa maana ya kukiondoa chini ya mtoto usiku. Kilichotolewa zawadi ni jambo lingine. Mume akimpa mkewe cherehani kama zawadi, ni yake, na sheria inadhani hivyo pia.

Na ninyi mnaopanga, ambao labda mmesoma hadi hapa mkidhani hayawahusu, yanawahusu zaidi. Mali yenu yote inaingia kwenye lori moja. Chochote mnachokifunga kwenye ukuta wa mwenye nyumba, iwe taa, rafu au grili, afikiane nanyi kwanza kwa maandishi kama mtaondoka nacho. Na kwa sababu hamna ukuta wa kubishania, mna nafasi nzuri ya kuanza vizuri kabla ploti haijaja.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu hunijia kila mwaka katika semina ya wachumba. Kijana huinua mkono na kusema, "Katekista, tukianza kuandika nani alinunua nini, si tumeleta talaka nyumbani kabla ya arusi?" Ni swali zuri, na sitaki kulipuuza. Ni kweli kwamba upendo unaohesabu kila kijiko ni upendo mgonjwa. Ningesikitika kuona mume na mke wana daftari la madeni kati yao kama duka la jumla. Lakini mthamini huja kwa sababu nyingi: mkopo, kuuza, bima, mirathi. Yeye atahesabu tu. Swali ni kama hesabu yake itakuwa ndiyo hesabu pekee iliyoandikwa. Kuandika ninakokusema hakuonyeshi nani alinunua nini. Kunaonyesha kwamba vyote ni vya wawili, na hilo linazuia ugomvi mwingi ambao ukimya hauzuii.

Na yule mume anayeniambia, "Katekista, kwangu hakuna shida, vyote ni vyetu, mke wangu anajua," nina furaha naye, ila nina swali moja dogo. Hati ya ploti ina majina mangapi? Majina yakiwa mawili, sheria huanza kwa kudhani kwamba wanamiliki sawasawa. Likiwa moja, "anajua" yake itahitaji wakili. Kama mlinunua kupitia kampuni ya ardhi na bado mna cheti cha hisa tu, ulizeni mapema jinsi ya kuandikisha majina yote mawili kabla hati haijatoka, kwani kuibadilisha baadaye huwa na gharama na safari nyingi.

Kwa hiyo siku mthamini atakapokuja, muwepo wote wawili. Msimwache mama jikoni akipika chai ya mgeni wakati baba anatembea naye kwenye ploti. Mwulizeni ameandika nini na ameacha nini, na kwa nini. Ombeni nakala ya ripoti, mkaisome pamoja jioni, mezani, televisheni ikiwa imezimwa. Chini yake, au kwenye karatasi nyingine, andikeni orodha ya vile alivyovipita. Hakuna haja ya kuandika nani alinunua kipi. Andikeni friji, jiko, vitanda vitano, cherehani, ng'ombe kama yupo, na bei mnayodhani. Andikeni tarehe, na kila mmoja atie sahihi kwamba nyumba iliyothaminiwa na vitu vilivyoorodheshwa ni vya wote wawili.

Karatasi hiyo iwekeni pamoja na cheti cha ndoa na hati ya ploti. Nakala moja mpeni mtoto wenu mkubwa, au msimamizi wenu wa ndoa. Msimpe kaka yake baba, hata kama ni mtu mzuri.